Jezi ya Nne

Paschal alikuja zizini saa moja asubuhi, Mayige akiwa amechuchumaa anakamua. Alitundika jezi tatu kwenye uzio, moja baada ya nyingine, kama mtu anayeanika nguo, kisha akasimama pembeni na mikono nyuma.

"Mwangaluka, mwalimu."

"Mwangaluka. Siku hizi nguo mnaanika zizini?"

"Nimerudisha. Yangu, ya Thomasi na ya Kristofa. Tumetoka kwenye timu."

Mayige hakusimama. Ng'ombe ukimwacha katikati anabana maziwa. Alimaliza chuchu ya mwisho, akaisogeza ndoo mbali na kwato, ndipo akageuka.

"Mmetoka mmekwenda wapi? Jumamosi ni fainali."

"Matokeo yamebandikwa jana jioni. Tumefeli."

"Somo gani? Kompyuta? Si nilikwambia usikose kompyuta?"

"Kompyuta nimefaulu." Paschal alitazama chini. Alikuwa nahodha, beki mrefu asiyeogopa mtu uwanjani, lakini asubuhi ile alionekana kama aliyevunja sufuria ya mama yake. "Ni afya ya mifugo. Kwa vitendo."

Mayige alicheka. Alicheka kwa sauti mpaka ng'ombe akageuza shingo.

"Somo la ng'ombe? Wewe? Msukuma wa Maswa umefeli ng'ombe?"

"Sisi wanne. Sisi watatu na Kija."

"Na Marcelo?"

"Marcelo amepata themanini na moja. Ndiye wa kwanza darasani."

Hapo kicheko kilikatika. Marcelo alikuwa kipa, kijana wa Temeke, ambaye wiki yake ya kwanza chuoni alipanda juu ya tangi la maji akimkimbia ndama. Kama Marcelo alikuwa wa kwanza na wana wa wafugaji wamefeli, basi mtihani haukuwa mgumu. Kulikuwa na jambo jingine, na Mayige alilijua jambo hilo kabla Paschal hajafungua tena mdomo.

Mayige alikuwa mtunza ng'ombe wa chuo kile cha mifugo, nje kidogo ya Bariadi, kwa miaka kumi na moja. Kwa miaka sita alikuwa pia mwalimu wa timu ya mpira, kwa sababu zamani aliwahi kucheza timu ya kiwanda cha pamba na hakuna mwingine aliyetaka kazi hiyo. Shule aliiacha darasa la tano. Hakuona kama alipoteza kitu. Alizalisha ng'ombe ambao wakufunzi wenye vyeti waliwakatia tamaa, na mnadani watu wazima walimwita aje kumtazama dume kabla hawajanunua.

Muhula ule timu ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kuwa nazo. Tatizo lilikuwa uwanja. Jioni ulitumiwa na shule ya sekondari ya jirani, kwa hiyo mazoezi yakawa asubuhi, na siku ya Jumanne na Alhamisi yaligongana na kipindi cha vitendo cha Madam Domitila. Mayige alilipanga jambo hilo kwa akili yake yote. Aliwaita wachezaji, akawagawa. Waliozaliwa mjini akawaambia waende kwa Madam. "Wewe Marcelo nenda ukafundishwe, hujui hata ng'ombe mbele ni wapi na nyuma ni wapi." Waliozaliwa kwenye mifugo akawabakiza uwanjani. "Ninyi mmejifunzia kutembea ndani ya mavi ya ng'ombe. Yule mama atawafundisha nini? Kiingereza msikose. Kompyuta msikose. La ng'ombe, njooni mpige mpira."

Aliona anawatendea haki. Hata alijisifu kwa mkewe kwamba yeye si kama walimu wengine wa mpira wanaowaharibia vijana masomo.

"Sasa mtarudia mtihani," alimwambia Paschal. "Watu wanarudia kila mwaka."

"Haturuhusiwi. Mahudhurio yetu hayafiki nusu, na kanuni inataka robo tatu. Asiyefikisha harudii, anafukuzwa. Kikao cha taaluma ni kesho mchana." Alizitazama zile jezi. "Tumekubaliana tutasema tuliugua. Na tumetoka kwenye timu ili waone tumejirudi."

"Mtasema mliugua nini?"

"Malaria."

"Wote wanne? Kila Jumanne na Alhamisi?"

"Sasa tuseme nini, mwalimu? Tukutaje wewe?"

Mayige alishika ndoo, akaiweka chini tena. Ukweli ni kwamba alifurahi. Kwa muda mfupi, kama wa mtu kupiga chafya, alifurahi kwamba vijana wale hawatamtaja. Halafu akajiona alivyofurahi.

"Jezi ya nne iko wapi?" aliuliza.

"Kija hataki kuirudisha. Anasema kama ni kufukuzwa, afukuzwe baada ya fainali."

*

Kija ndiye aliyemuuma zaidi, na sababu haikuwa mabao kumi na manne aliyofunga muhula ule.

Miaka miwili nyuma Mayige alikwenda Bukundi kufuata madume ya mbegu ya chuo. Jioni akakuta vijana wanacheza mpira kwenye shamba lililokwisha kuvunwa, na mmoja wao, mwembamba, peku, alikuwa anapiga mguu wa kushoto ambao hakuwahi kuuona mahali popote. Aliulizia kwao, akaenda. Baba yake Kija alikuwa mfugaji wa ng'ombe wengi na maneno machache. Kijana alikuwa amemaliza kidato cha nne kwa alama za kutosha, lakini mzee alishaamua achunge, imetosha.

"Shule imempa nini?" mzee aliuliza. "Amerudi hajui hata kufunga ndama."

Mayige alikaa pale siku mbili. Hakusema habari za mpira hata kidogo. Alisema, "Nipe mimi. Mimi mwenyewe sikusoma, najua unachoogopa. Atakuja kukurudia bwana mifugo. Ng'ombe zako zitatibiwa na mwanao, si na mtu wa pikipiki usiyemjua." Na mzee yule, ambaye hakumwamini padri wala mwenyekiti wa kijiji, alimwamini Mayige kwa sababu aliongea kama mchungaji.

Siku hiyo ya Jumanne alimkuta Kija nyuma ya bweni, anapiga mpira ukutani. Amevaa jezi ileile, namba kumi na moja.

"Wenzako wamerudisha."

"Wenzangu waoga."

"Kija."

"Mwalimu, nisikilize. Jumamosi watakuja watu wa timu za ligi. Umesema wewe mwenyewe. Wakiniona, chuo cha nini tena? Nitafunga mawili, tutachukua kombe, mimi nitaondoka zangu kwa heshima. Mtu akifukuzwa ana kombe mkononi ni tofauti na akifukuzwa mikono mitupu."

"Wakikuona wasikuchukue?"

"Nitachunga. Si nimezaliwa nachunga?" Alicheka, akaudaka mpira kwa kisigino. "Na mtihani wenyewe wa kuonewa. Madam ametuletea lile maksai jekundu lenye nundu kubwa. Anasema tafuta uzito wake, andika dawa ya minyoo. Nikamwangalia, nikaandika mia tatu na ishirini. Wewe ungeandika ngapi?"

Mayige alimfikiria maksai yule. Alimwona kila siku. "Mia tatu. Mia tatu na kumi."

"Umeona! Yeye anasema mia mbili sitini na mbili. Eti utepe wa kupimia kifua umesema. Utepe wenyewe wa Wazungu, unapima ng'ombe wasio na nundu. Nundu yetu imekwenda wapi?"

Na Mayige mwenyewe aliona hivyohivyo. Na kishawishi kilikuwa pale, hakuna haja ya kukificha. Wachezaji watatu wameshaondoka. Kija akibaki, fainali bado ilikuwa na matumaini. Angeweza kunyamaza tu, mambo yakajiendea.

Jioni alimweleza mkewe, Martha, huku anakula michembe ya viazi.

"Ulimwambia nini baba yake?" Martha aliuliza.

"Kwamba atarudi bwana mifugo."

"Basi."

"Basi nini?"

"Basi kula. Unajua mwenyewe."

*

Kikao kilikuwa kwenye chumba cha wakufunzi. Mayige hakualikwa. Aliingia na buti za mpira zenye samadi, na mkuu wa chuo, Bwana Constantine, akatazama sakafu kwanza kabla ya kumtazama yeye.

"Mzee Mayige, kuna ng'ombe ameanguka?"

"Hapana, mkuu. Nimekuja kwa ajili ya hawa wanne."

Vijana walikuwa wamekaa kwenye benchi ukutani. Paschal alitikisa kichwa kidogo, kumwambia aondoke. Kija alikuwa anatazama dirishani. Mbele ya Madam Domitila palikuwa na daftari la zahanati ya chuo, limefunguliwa. Alikuwa mama wa makamo, mtulivu, mwenye sauti ya kufanya watu wanyamaze ili wamsikie.

"Wanasema waliugua malaria," alisema. "Zahanati haina jina lao hata moja. Labda waliugulia uwanjani."

Mkufunzi mmoja alicheka. Mayige hakucheka.

"Waliugulia uwanjani, ndiyo," alisema. "Na daktari nilikuwa mimi. Niliwaambia wasije kwako, Madam. Niliwaambia hakuna unachoweza kuwafundisha kuhusu ng'ombe. Maneno yenyewe ni hayo, sijapunguza. Wao ni watoto, mimi ni mtu mzima, na wananiita mwalimu. Kama kuna wa kufukuzwa, anzeni na mimi."

Mkuu wa chuo alivua miwani, akaipangusa na tai yake.

"Kwa nini uliwaambia hivyo?"

"Kwa sababu niliamini. Na kwa sababu nilitaka kombe. Yote mawili."

Madam Domitila alimgeukia. "Baba Mayige, mwaka juzi ndama wangu alikwama tumboni kwa mama yake, nani alimtoa?"

"Mimi."

"Nilikuja kukwambia hakuna unachoweza kunifundisha?"

"Hapana. Ulishika taa."

"Nilishika taa," alisema Madam, akalifunga daftari la zahanati.

Waliwatoa nje kwa nusu saa. Walipowaita tena, mkuu wa chuo aliongea akiwa amesimama. Kwa kuwa walipotoshwa na mtumishi wa chuo, wanne hao watarudia mtihani siku ya Jumatatu. Madam Domitila amekubali kuwafundisha kuanzia kesho asubuhi mpaka Jumapili, mambo yote waliyokosa. Mayige ataendelea na ng'ombe, lakini timu si yake tena kuanzia saa hiyo.

"Na sikilizeni vizuri," alimalizia. "Simlazimishi mtu. Anayetaka kurudia mtihani, arudishe jezi leo au kesho. Anayetaka fainali, abaki na jezi, acheze, na Jumapili afunge begi. Hakuna mambo mawili."

Nje, Thomasi alikuwa analia waziwazi, kijana mkubwa wa kilo themanini. Kristofa alimshika Mayige mkono kwa mikono miwili. Kija alipita bila kusimama.

"Kija!"

"Umenishtaki, mwalimu."

"Nimejishtaki mwenyewe."

"Ni uleule. Uliniambia Madam hana cha kunifundisha. Leo umesimama mbele yao unasema ulidanganya."

"Sikudanganya. Nilikosea."

"Mimi sijaona kosa lolote. Maksai ni mia tatu na ishirini. Jumamosi nacheza."

*

Mayige hakulala vizuri. Asubuhi ya Alhamisi alimfuata Madam Domitila kabla hajaanza kufundisha, akamwomba kitu kimoja: amruhusu amtoe maksai mwekundu mpaka mnadani, ambako kulikuwa na mzani wa kupimia ng'ombe wazima. Wa chuo uliharibika siku nyingi.

"Kwa ajili ya Kija?" Madam aliuliza.

"Na kwa ajili yangu. Nisije nikamwambia kitu ambacho mimi mwenyewe sikiamini."

Madam alifungua begi lake, akatoa ule utepe. "Mpime kwanza na huu, uandike. Halafu nenda. Nitamhesabia Kija kipindi, akija."

Kija alikuja, kwa sababu Mayige alimwekea dau, na kijana wa Bukundi akisikia dau juu ya ng'ombe hawezi kukaa.

"Mzani ukisema kama wewe, au hata ukikaribia," Mayige alimwambia, "Jumamosi nitakushika mkono nikupeleke uwanjani mwenyewe, na Jumapili nitakusindikiza Bukundi, nimwambie baba yako tulionewa. Ukisema kama Madam, unarudisha jezi."

"Hata sasa hivi twende."

Walimswaga maksai kwa saa nzima, Kija mbele na kamba, Mayige nyuma na fimbo. Mnada ulikuwa umeshachangamka. Watu walimjua Mayige, wakamzunguka wakidhani anauza.

"Mayige! Chuo kimefilisika?"

"Siuzi. Napima. Nani anajua kilo zake?"

Kuuliza swali hilo mahali pale kulikuwa kama kuwarushia kuku mahindi. Mzee mmoja mwenye kofia ya pama alimzunguka maksai, akambonyeza mgongo, akasema mia tatu na kumi. Mchuuzi mwingine akasema mzee macho yamekwisha, huyu anafika mia tatu na thelathini bila kujamba. Mwingine mia tatu kamili, na kama si hivyo alikuwa tayari kula fimbo yake. Mama mmoja muuza uji, ambaye hakuulizwa, alisema mia mbili na tisini, na wote wakamzomea arudi kwenye uji wake.

"Mia tatu na ishirini," alisema Kija kwa sauti kubwa, na wazee wawili wakamtazama kwa heshima.

Wakamwingiza maksai kwenye mzani, lango likafungwa. Mshale ulicheza huku na huku, kwa sababu mnyama alikuwa anahamisha miguu. Kisha akatulia, na mshale ukatulia.

Mia mbili sitini na sita.

Wote wakasema kwa pamoja.

"Mzani huu umeharibika!"

"Jana ulikuwa mzima, nimeuzia hapahapa."

"Jua limeupiga."

"Hajanywa maji huyu, ametembea njaa."

"Mwambie ale ile fimbo yake!"

Karani wa mzani alikasirika, akamtoa maksai, akapanda yeye mwenyewe, akashuka, akaweka jiwe la kilo hamsini la serikali. Mshale ulisema hamsini. Akaweka la pili, ukasema mia moja. Mzee wa pama alitema mate pembeni, akasema mambo ya siku hizi hayaeleweki, akaondoka. Mama muuza uji alikuwa anacheka peke yake.

Mayige alitoa kikaratasi mfukoni. Utepe wa Madam asubuhi ile ulisema mia mbili sitini na tatu. Kilo tatu tu. Alikitazama kikaratasi, akamtazama maksai. Miaka thelathini alikuwa anatazama ng'ombe. Alianza kuelewa kitu ambacho hakikumpendeza. Jicho lake lilifundishwa mnadani, na mnadani kila mtu anamwangalia ng'ombe akiwa ama anauza ama anaogopa kuibiwa. Tumbo limejaa majani ya masika, nundu imesimama, ngozi inang'aa, basi kila mtu anaona nyama. Alifikiria chupa zote za dawa alizowanywesha ng'ombe kwa kukisia, kila mmoja kupita kilo zake. Alifikiria wale wawili waliokufa mwaka ule, ambao alisema walikula majani mabaya.

Kija alikuwa amesimama na kamba mkononi, bado anautazama mshale.

"Twende," alisema Mayige. Hakumdai dau. Hakutaja jezi.

Walirudi njia ileile. Walipita mashamba ya pamba, walipita watoto waliotoka shule, wakasalimiwa na akina mama wanaotoka kisimani, "Mwadila," wakaitikia. Walipoanza kuona mabati ya chuo, Kija aliuliza bila kugeuka:

"Huo utepe unazungushwa wapi? Juu ya nundu au nyuma yake?"

Mayige alifikiri. "Sijui," alisema. "Kamuulize Madam."

Jioni ile Paschal alimletea jezi namba kumi na moja. Kija mwenyewe hakuja. Alikuwa ameketi chini ya taa ya darasa na daftari la Marcelo, na Marcelo amesimama juu yake kama polisi.

"Andika, ngosha," Marcelo alikuwa anasema, akimwita mwanaume kwa Kisukuma, akifurahia kila neno. "Kifua, nyuma ya bega, nyuma ya nundu. Rudia. Ninyi wafugaji mnasumbua sana kufundisha."

*

Jumamosi timu ilicheza bila wanne wale. Madam Domitila aliwaweka zizini muda uleule, akawapa kila mmoja ng'ombe wake, apime, aandike, akokotoe dawa, arudie. Uwanja ulikuwa nyuma tu ya ghala la majani. Kila sauti ilipopanda, Kija alinyanyua kichwa. Mara moja, watu walipopiga kelele za kona, mguu wake wa kushoto ulijichapa hewani wenyewe, na mtamba aliyekuwa anampima akaruka.

"Mguu huo uambie utulie," alisema Madam.

"Hausikii, Madam."

Kelele kubwa ilikuja mara mbili, na mara zote ilitoka upande wa wageni. Mayige alikuwa amemshika ng'ombe wa Thomasi. Hakwenda kutazama. Baadaye kipa Marcelo alikuja na magoti yametoka damu, akasema mbili bila, na kwamba ya pili ilikuwa ya kuotea lakini refa ni mjomba wao.

Jumatatu ulikuwa mtihani. Mayige ndiye aliyeshika ng'ombe, kazi yake ya kila siku, na alionywa asifungue mdomo. Walipitisha mmoja mmoja. Kija alipoingia, alimwendea ng'ombe kama alivyozoea tangu utoto, akampapasa shingo, akarudi nyuma hatua mbili na kumtazama. Alimtazama kwa muda mrefu. Mayige aliona midomo yake inasogea, anahesabu kwa jicho, na akataka kupiga kelele. Alibana kamba mpaka ikamkata kiganja.

Kija alitikisa kichwa, akatoa utepe mfukoni.

Alizungusha, akasoma, akafungua. Akazungusha tena, akasoma tena. Ndipo akaandika.

Matokeo yalibandikwa Jumatano. Paschal sitini na moja, Kristofa hamsini na nane, Kija hamsini na moja, na kufaulu ni hamsini. Thomasi alipata arobaini na nne. Aliweka nukta mahali si pake, dawa ya ng'ombe mmoja ikawa ya ng'ombe kumi, na hapakuwa na wa kumsaidia. Alifunga begi siku hiyohiyo. Mayige aliomba ruhusa, akapanda naye basi mpaka Malampaka, akakaa mbele ya wazazi wake na kuwaambia kosa lilianzia kwa nani. Mama yake Thomasi alimsikiliza mpaka mwisho, akampa maji ya kunywa, akasema, "Umefanya vizuri kuja." Baba yake hakumsindikiza.

Wiki iliyofuata mkufunzi wa kompyuta, ambaye sasa ndiye aliyepewa timu, alimfuata Kija. Mayige alikuwa karibu, anatengeneza lango la josho, akasikia yote.

"Umeshafaulu, jezi yako ipo," alisema mkufunzi. "Kuna mashindano ya mkoa mwezi ujao. Mazoezi tumehamishia jioni, tumeelewana na sekondari. Hakuna kisingizio."

"Nashukuru, mwalimu. Muhula huu sichezi."

"Kwa nini? Timu za ligi zitakuja tena."

"Nimepata hamsini na moja. Moja tu ndiyo imenibakiza hapa." Kija alikuna kichwa, kama anayeona aibu kwa maneno yake. "Anatomia nimepata hamsini na tatu. Thomasi alikuwa ananizidi anatomia."

Mkufunzi alimgeukia Mayige. "Mzee, mwambie wewe. Wewe anakusikiliza."

Mayige aliweka nyundo chini. Alimtazama kijana, akautazama ule mguu. Ulikuwa mguu wa miaka ishirini na mbili, na miguu haikai ikingoja. Muhula mmoja ukipita, mwingine nao unapita, na siku moja mtu anajikuta ni mnene na anafundisha watoto wa wengine. Hilo alilijua kuliko yeyote aliyesimama pale. Alikuwa na maneno ya kumrudisha Kija uwanjani, mazuri, na Kija angerudi.

"Amekwambia hachezi," alisema.

Mkufunzi alishika kiuno, akasubiri zaidi, akaona hakuna. Akaondoka.

Kija alibaki amesimama. "Umekasirika, mwalimu?"

"Nimekasirika," Mayige alisema. "Nenda darasani, umechelewa."